Tusimwanike Anayetia Sahihi

Wanafunzi wa siku hizi wakisimuliwa habari za mlolongo huzipokea kama visa vya Abunuwasi: hucheka, wakatikisa vichwa, wakadhani msimulizi ametia chumvi. Hakutia. Mwaka wa 1988, katika uteuzi wa wagombeaji wa chama cha KANU, wapigakura wa nchi hii walipangwa uwanjani mmoja nyuma ya mwenzake, kila foleni na mtu wake, wakahesabiwa vichwa kama ng'ombe wanaoingia joshoni. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alipita moja kwa moja hadi Bungeni pasi na kura ya siri. Mengi yamesemwa juu ya wizi wa siku ile, foleni fupi zikitangazwa kuwa ndefu na ndefu kuwa fupi. Lakini ulikuwapo ubaya mwingine ambao haukuhitaji mwizi. Chifu alikuwapo, akaona ni nani kasimama wapi. Mwalimu mkuu aliona. Mwenye shamba alimwona kibarua wake. Jioni ile kila mtu alirejea nyumbani akiijua siri ya jirani yake, na jirani akiijua yake.

Mlolongo tuliukataa, na tukafanya vyema. Katiba ya 2010 yataka kura iwe ya siri, na hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba sanduku la kura halina macho. Hata hivyo, upo mlolongo mmoja tulioubakisha, nao hausimami uwanjani bali umelala juu ya karatasi. Nakusudia zile fomu ambazo raia huombwa atie sahihi ili kuunga mkono jambo la kisiasa: kubadilisha Katiba, kumwondoa mbunge, kulitaka Bunge lifanye au lisifanye jambo fulani.

Haki yenyewe ni njema. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu ruhusa ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma. Cha 119 kinampa ruhusa ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika uwezo wake. Cha 104 kinampa mpigakura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wake kabla ya muhula kwisha. Nacho cha 257 kinasema kuwa Katiba yaweza kurekebishwa kwa mpango wa wananchi, mradi uungwe mkono kwa sahihi za wapigakura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja. Sina ugomvi na vifungu hivi. Ugomvi wangu ni na karatasi.

Itazame, ewe msomaji, siku itakapokufikia. Ina safu ya jina kamili, ya nambari ya kitambulisho, aghalabu na ya nambari ya simu, kisha eneobunge na wadi, na mwishowe mahali pa sahihi. Ina mistari mingi. Ukiwa wa kumi na tatu, umekwisha kuwasoma kumi na wawili waliokutangulia, na watakaokufuata watakusoma wewe. Niliwahi kuletewa moja kwenye kituo cha matatu, imebanwa juu ya kipande cha kadibodi. Kabla sijashika kalamu nilikuwa nimekwisha kujua kwamba fundi wa viatu wa mtaani kwetu ameliunga mkono jambo lile, na ningetaka ningeweza kuinakili nambari ya kitambulisho chake hadi tarakimu ya mwisho. Kijana aliyeibeba alikuwa mpole, mwenye haraka. Nilipomwuliza karatasi zile zinapelekwa wapi alinijibu, "Kwa ofisi, mzee," asiongeze neno. Sikumlaumu. Alikuwa ameajiriwa kuijaza mistari, hakuajiriwa kuilinda.

Mistari hiyo si michache. Muungano wa CORD uliipelekea Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, sahihi takriban milioni 1.6 za kampeni ya Okoa Kenya. Mwaka wa 2016 tume ikazikubali 891,598 tu, na mpango ukafia hapo. Mwaka wa 2019 Punguza Mizigo ya Dkt Ekuru Aukot na chama chake cha Thirdway Alliance ilivuka kizingiti kwa sahihi 1,222,541, kisha ikaangushwa katika mabunge ya kaunti. Ukaja Mpango wa Maridhiano, maarufu BBI. Ukusanyaji wa sahihi ulizinduliwa jijini Nairobi tarehe 25 Novemba 2020, na kufikia tarehe 10 Desemba masanduku yenye sahihi zaidi ya milioni nne yalikuwa yamefikishwa kwa tume. Muda wa majuma mawili tu! Hata mandazi ya alfajiri hayachukuliwi kwa kasi ile.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nami naomba subira ya msomaji. Tume ilipoanza kuzikagua sahihi hizo ilisema waziwazi kwamba haina vielelezo vya sahihi za wapigakura ambavyo ingevitumia kulinganishia. Ilichoweza kufanya ni kulinganisha majina na nambari za vitambulisho na daftari la wapigakura. Mwishoni mwa Januari 2021 ikatangaza kuwa waungaji mkono halali walikuwa 1,140,845. Pima neno hilo, "halali". Kilichothibitishwa ni kwamba mwenye nambari hiyo yupo na amesajiliwa kupiga kura. Kwamba yeye ndiye aliyeshika kalamu, hilo halikuwa na njia ya kuthibitishwa. Kwa maneno mengine, sahihi ilikuwa pambo, na nambari ya kitambulisho ndiyo iliyokuwa sahihi yenyewe. Basi yeyote aliye na nambari yako anaweza kukutilia sahihi, na kila unapoiandika juu ya karatasi ipitayo mikononi mwa watu unampa mtu usiyemjua kalamu yako.

Tume ilijua udhaifu huo. Kwa hiyo iliiweka orodha ya waungaji mkono kwenye tovuti yake, ikawaita wananchi waikague katika siku chache na walalamike iwapo wameingizwa pasi na ridhaa yao. Wapo waliojikuta humo wakashangaa, maana hawakuwa wametia sahihi popote. Kwa upande huo, kuchapisha orodha kulifaa: kulifichua uovu. Lakini orodha hiyo hiyo ilimwambia kila aliyetaka kujua ni nani aliyeunga mkono jambo lililokuwa limeigawanya nchi pande mbili na kuwafarakanisha Rais na Naibu wake. Mambo hayo mawili, kufichua uovu na kumwanika mwema, yalitendwa kwa tendo moja. Baadaye Mahakama Kuu iliuzuia mpango wenyewe Mei 2021, Mahakama ya Rufani ikaafiki mwezi wa Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ya mwisho iliyouzima. Majaji wa Mahakama ya Juu waliyachambua masuala saba. Hatima ya zile karatasi na majina yaliyomo haikuwa miongoni mwa hayo saba.

Mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Juni, palizuka jambo lililowaamsha hata waliokuwa wamelala. Afisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa iliwawezesha wananchi kuangalia, kwa njia ya mtandao wa huduma za serikali, kama wameandikishwa kuwa wanachama wa chama chochote. Watu chungu nzima walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi hata kuvisikia. Sababu haikuwa ngumu kuikisia. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inakitaka chama kinachotafuta usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapigakura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Penye hitaji la majina kwa maelfu, na pasipo na wa kuuliza yametoka wapi, majina hupatikana.

Yametoka wapi basi? Wengi walivishuku vile vitabu vilivyo kila mahali. Ukiingia jengo lolote la afisi jijini, bawabu hukutolea kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saa ya kuingia, sahihi. Maajenti wa pesa za simu nao walikuwa na chao. Tumezoea kuyatoa haya kama tunavyotoa salamu. Nikiwauliza vijana waliopata vitambulisho juzi ni mara ngapi wameandika nambari zao tangu wavipate, hawawezi kuhesabu. Na nikiwauliza ni mara ngapi wameuliza zitatunzwa na nani, hunitazama kana kwamba nimesema Kilatini. Kitabu cha bawabu, hata hivyo, hakisemi unaamini nini. Karatasi ya sahihi yasema. Hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti kubwa.

Nitoe mfano ulio karibu na shule. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilipoweka utaratibu wa kumwondoa mbunge, ilitaka ombi liandamane na orodha ya wapigakura wasiopungua asilimia 30 wa eneobunge, kila mmoja akiandika jina, anwani, nambari ya kadi ya kura, nambari ya kitambulisho au pasipoti, na sahihi. Sehemu za utaratibu huo zilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2017 kwa sababu nyingine, nami siingii huko. Nataka tu tumfikirie mzazi mmoja. Ana mtoto kidato cha tatu, karo imemlemea, na kila mwaka hupeleka fomu ya basari kwa afisi ya hazina ya eneobunge. Mkono wa mbunge hauko mbali na afisi hiyo. Mzazi huyo amechoshwa na mbunge na angetamani aondoke. Ataandika jina, anwani na nambari ya kitambulisho kwenye orodha ambayo mbunge mwenyewe, akiwa ndiye mshtakiwa, ataidai aione ili aipinge? Akiandika, na mbunge akabaki kitini, fomu ya mwakani itasomwa kwa miwani gani? Huenda ikasomwa kwa haki. Lakini mzazi hawezi kujua, na asiyejua hunyamaza. Hivyo haki iliyo katika kifungu cha 104 hugeuka kuwa haki ya wasio na watoto shuleni.

Mwalimu naye ana lake. Yeye ni mtumishi wa umma, na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, hadi ilipofutwa mwaka wa 2025, ilimtaka asiegemee upande wa kisiasa katika kazi yake. Ombi la wananchi si lazima liwe la chama, na mwalimu hapotezi uraia kwa kushika chaki. Ila ni nani atakayeamua, baada ya karatasi kuvuja, kama ombi la kupinga mfumo fulani wa elimu au kodi fulani lilikuwa la raia au la mfuasi wa chama? Ataamua mwenye cheo juu yake. Na aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa muhula hahitaji hata barua ya kufutwa. Mkataba huachwa tu ukamalizika.

Mtu ataniambia kuwa natishia watu kwa vitisho vya kubuni. Tusafiri basi hadi Venezuela, ambako jambo hili lilitendeka lote tangu mwanzo hadi mwisho. Huko Katiba inaruhusu wananchi kumwitia Rais kura ya kumwondoa wakipatikana watiaji sahihi wa kutosha. Mwishoni mwa 2003 wapinzani wa Rais Hugo Chávez walizikusanya, na baada ya mvutano mrefu zaidi ya milioni 2.4 zikakubaliwa. Mapema mwaka wa 2004 mbunge wa upande wa Rais, Luis Tascón, aliyaweka majina hayo kwenye mtandao pamoja na nambari za vitambulisho. Na unadhani alitoa sababu gani? Alisema ni ili wananchi waweze kuangalia kama majina yao yametumiwa kwa udanganyifu. Sababu ni ile ile iliyotolewa kwetu mwaka wa 2021, ingawa nia ya tume yetu siilinganishi na ya mbunge yule.

Kura ilipigwa tarehe 15 Agosti 2004 na Chávez akashinda kwa takriban asilimia 59. Mambo yangeishia hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Orodha iliendelea kufanya kazi. Aliyekwenda kutafuta kazi serikalini, zabuni au pasipoti aliweza kukuta karani amekwisha kuliangalia jina lake. Ikaundwa programu ya kompyuta iliyoitwa Maisanta, yenye habari za wapigakura zaidi ya milioni 12, ikionyesha ni nani alitia sahihi dhidi ya Rais. Aprili 2005 Chávez mwenyewe aliwaambia maafisa wake kwamba orodha ile imekwisha kazi yake na izikwe. Hotuba ya Rais haikuweza kuifuta nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya kila afisi.

Miongoni mwa waliotia sahihi walikuwamo wanawake watatu waliokuwa wakifanya kazi kwa mkataba katika baraza la taifa la mipaka. Mikataba yao ilikatizwa mwaka wa 2004. Walizunguka mahakamani kwao wasipate haki, wakapeleka kesi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na tarehe 8 Februari 2018 mahakama hiyo ikasema kwamba walionewa kwa sababu ya msimamo wao wa kisiasa. Yaani miaka 14 kwa sahihi moja. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na natumai walimu wa mikataba wanaosoma safu hii wameanza kuyatafuta.

Sasa nigeukie hoja ya wale wasiokubaliana nami, kwa kuwa si hoja ya kupuuzwa. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, raia zaidi ya 137,000 walitia sahihi mwaka wa 2009 ili sheria moja iliyowapanulia haki wapenzi wa jinsia moja ipelekwe kwa kura ya wananchi. Wapinzani wao walitaka kuyapata majina hayo chini ya sheria ya kumbukumbu za umma na kuyatangaza. Watiaji sahihi wakaenda mahakamani. Tarehe 24 Juni 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ilisema kuwa kwa jumla majina ya watiaji sahihi yaweza kutolewa, kwani umma una haja ya kujua kama sahihi ni za kweli. Ila ikaacha mlango wazi kwa wale watakaoonyesha kuwa wana sababu ya kuhofia vitisho na mateso. Jaji Antonin Scalia alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba kusimama hadharani kwa ajili ya msimamo wako ni ujasiri wa kiraia ambao demokrasia haiwezi kudumu bila huo.

Ni maneno ya kiume, nami nakiri kuwa yana mvuto. Lakini yaliandikwa na mtu ambaye hakuna wa kumfuta kazi hadi kufa. Ujasiri una bei, na bei hiyo si moja kwa watu wote. Wakili mwenye afisi yake hulipa kidogo; mama mboga anayeuza kwenye kibanda kilichojengwa kwa hisani ya askari wa kaunti hulipa kila kitu. Tukisema kwamba asiye tayari kulipa asitie sahihi, tumewaachia wenye nacho peke yao haki ambayo Katiba imempa kila mtu. Mabaharia wa Ulaya wa zamani, ambao nahodha angeweza kumpiga mijeledi au kumnyonga aliyeongoza malalamiko, walikuwa na akili zaidi: walitia sahihi zao kwa duara kuuzunguka waraka, lisipatikane jina la kwanza. Hawakuwa waoga watu hao. Walikuwa wanataka malalamiko yafike na wao wabaki hai.

Kwetu pia hofu si ya kale. Tarehe 30 Mei 2025 msichana mmoja mtaalamu wa kompyuta alikamatwa Nairobi kwa kuunda ukurasa uliowawezesha wananchi kuupelekea ujumbe Bunge wakiupinga Mswada wa Fedha. Bunge lenyewe lilikuwa limeomba maoni! Alizuiliwa, akafikishwa mahakamani, na tarehe 20 Juni mahakama ikasema mashtaka yale hayakuonyesha kosa lolote. Kila aliyebonyeza kitufe cha ukurasa ule alikuwa ameandika jina lake na anwani yake. Aliposikia kuwa mwenye kuuunda yuko korokoroni, usiku ule alijiuliza nini?

Turejee kwa sheria zetu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinasema kuwa mambo ya faragha ya mtu yasitakiwe pasipo haja, wala yasifichuliwe pasipo haja. Ni maneno mawili tofauti, kutakiwa na kufichuliwa, na karatasi ya sahihi inakosea kwa yote mawili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza kwamba zikusanywe zile habari zinazohitajika tu kwa kazi iliyotajwa, na zisiwekwe kupita muda wa kazi hiyo. Kamishna wa Data aliapishwa Novemba 2020, siku chache kabla ya zoezi la BBI kuanza, na afisi yake si ya maonyesho: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Walimu wakuu wengi wanalikumbuka hilo vizuri.

Lakini iko kasoro moja katika sheria hiyo inayonikera. Imeorodhesha habari ambazo ni nyeti na zinazostahili ulinzi wa ziada: asili ya mtu, afya yake, dhamiri, imani, mali, ndoa, majina ya wazazi na watoto wake, na kadhalika. Msimamo wa kisiasa haukutajwa kwa jina lake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 2018 imeutaja bila kuficha. Wakili mwerevu atasema kwamba dhamiri na imani zinatosha kuubeba. Huenda zinatosha, lakini katika nchi ambayo watu wamefukuzwa mashambani mwao kwa kudhaniwa tu wamepiga kura upande fulani, neno hilo halikufaa kuachwa likisiwe.

Mahakama zetu zimekwisha kuonyesha njia kidogo. Kabla ya uchaguzi wa 2022 wagombeaji wa kujitegemea walitakiwa kuambatisha nakala za vitambulisho vya waungaji mkono wao. Kwa kiti cha urais peke yake, ambako Katiba inataka wapigakura 2,000 katika kila moja ya kaunti 24, hiyo ilikuwa nakala 48,000. Walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikalitupilia mbali sharti hilo la nakala. Basi yawezekana kumhesabu mtu bila kumchukulia kitambulisho chake.

Nami ninachokitaka si kingi. Mtu aweze kuangalia jina lake mwenyewe, na lake tu, kama anavyoweza kuangalia uanachama wa chama tangu 2021. Anaandika nambari yake, anajibiwa ndiyo au la, na kama hakutia sahihi analalamika. Uovu utafichuliwa vilevile, tena pengine zaidi, maana hakuna atakayehangaika kusoma majina milioni moja kutafuta lake. Anayepingwa kwa ombi aruhusiwe kuwatuma mawakala wakague sampuli mbele ya maafisa wa tume, bila simu za kupigia picha na bila kuondoka na nakala. Nambari ya simu isiulizwe kabisa. Haihitajiki kuthibitisha chochote, na anayeiuliza anataka kukutumia ujumbe wa kampeni. Karatasi ziteketezwe kwa tarehe iliyoandikwa juu ya fomu yenyewe, kesi zikiisha. Mswada wowote wa kura ya maamuzi utakaofika Bungeni usio na mambo haya, wabunge waurudishe ulikotoka.

Kuna jambo ambalo halihitaji hata Bunge. Fomu ya mistari ishirini ikomeshwe, kila mtu apewe kipande chake akijaze, akikunje na akitumbukize katika sanduku lenye kufuli. Nililitaja hili kwa rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi hiyo ya kukusanya sahihi, akacheka akasema gharama ya karatasi haitawezekana. Tulikaa tukapiga hesabu. Rimu moja ina karatasi 500. Watu milioni moja, kila mmoja na karatasi nzima, ni rimu 2,000. Ukiikata kila karatasi vipande vinne, na kipande kimoja kinatosha jina, nambari na sahihi, ni rimu 500.